Nifikishe Mpaka kwa Ule Mti wa Chai

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Aii, hiyo ni amina ya watu ambao hawajakunywa chai, na sisi ndio tunailima! Bwana asifiwe! Chamgei, hamjambo nyote! Mimi ni Mama Chebet wa huku chini mtoni, yule mnamwona akiendesha lori la majani. Nimesimama niwaambie vile nilifika kwa huo usukani, maana si kwa ujanja wangu.

Nimechuma chai tangu nikiwa msichana. Lori likija kubeba majani, wenzangu walikuwa wanaangalia mizani, mimi naangalia dereva. Nilitaka ile kazi! Lakini siku moja lori liliteleza kwa hiki kilima chetu cha kanisa, mimi nikiwa nimekaa juu ya magunia. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu hapo nikiona mteremko, woga unanishika, nashuka nitembee kwa miguu.

Mume wangu alipofariki nikajikaza, nikasomea udereva kule Silibwet, hata wa lori. Leseni nikapata. Nikaifungia kwa kabati! Kila nikisikia dereva anatafutwa, naomba, "Bwana, toa huu woga kwanza, ndipo niende." Nikafunga, nikalia. Woga ukakaa tu pale pale, kama mgeni asiyejua kuaga. Hata kogo, mamake marehemu mume wangu, akaniambia, "Wewe mama, gari si kikapu. Chuma chai ulee watoto." Iliniuma, ndugu zangu!

Halafu kiwanda cha chai kikatangaza kinajaribu madereva. Nikapiga magoti hapo katikati ya chai, na Bwana akasema na moyo wangu waziwazi: nenda na huo woga wako. Nikaenda nao.

Mnajua walinipeleka wapi? Kilima hiki hiki! Mvua imenyesha, lori limejaa majani ya majirani zangu, na mzee wa kunipima amekaa kando yangu amenuna. Tulipofika katikati, magurudumu yakazunguka bure, tukaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Lori likasimama. Na majani yakikaa njiani yanapata moto ndani ya gunia, yanaharibika. Jasho la watu liko mgongoni mwangu!

Mzee akasema, "Mama, kama umeshindwa, shuka nichukue."

Nikaangalia juu, kilima hakiishi. Hapo ndipo Roho alinikumbusha kazi yangu mwenyewe. Mchumaji haangalii shamba lote. Ukiangalia shamba lote asubuhi utakaa chini ulie! Unaangalia mti ulio mbele yako, unauchuma, unaenda kwa unaofuata. Kando ya barabara kulikuwa na mti mmoja wa chai umejitokeza. Nikasema kwa sauti, "Yesu, nifikishe mpaka kwa ule mti." Gia ya kwanza, polepole. Tukafika! "Yesu, sasa ule mwingine." Tukafika! Mzee akaacha kununa, akaanza kunionyesha, "Sasa ule, mama! Sasa ule!" Ndugu zangu, tulipanda kilima chote tukiomba hivyo, mpaka juu. Haleluya!

Mzee akapangusa uso, akaniambia, "Kesho ukuje mapema."

Siku hizi nikipita, kogo anatoka mpaka barabarani, anaambia watu, "Huyo ni wetu." Na anapunga leso!

Sitawadanganya, woga bado uko. Asubuhi naupandisha huko nyuma ukae na magunia, lakini usukani hauugusi tena. Asante Yesu!

Sasa wewe ambaye umefungia ndoto yako kwa kabati ukingoja moyo utulie: kaifungulie leo. Usimwombe Bwana akuonyeshe kilima chote. Mwambie akufikishe kwa mti wa kwanza, halafu uweke gia. Yeye yuko ndani ya lori.