Gari la Tarsis Linamisi

Baridi ya Makambako mwezi Juni haibishi hodi. Inaingia na kukaa. Ndiyo maana benchi la Alfonsi, nyuma ya stendi, hujaa kabla jua halijakumbuka kazi yake, na kahawa yake ya tangawizi hunywewa hata na wasioipenda kahawa. Siku hiyo wenye benchi walikuwa watatu. Yoeli aliendesha lori la kupeleka majani ya chai kiwandani kule Lupembe miaka na miaka, wakambatiza Kiwanda. Joackim, mtu wa Ludewa, kila jambo kwake huanzia kwenye chuma cha mlima wa kwao, basi akapewa jina la mlima huo, Liganga. Wa tatu ni Lameki, mmwaga methali, zihusike zisihusike. Mbele yao kigari cheupe cha Tarsis kilitetemeka na kukohoa, puh, puh-puh, puh, na Tarsis roho juu. Mchana alitakiwa awe hospitali Njombe kumchukua mkewe Bertila na mtoto, mtoto aliyesubiriwa mpaka ndugu wakaanza kunong'ona. Alishaapa kwamba mwanawe hapandi basi. Yeye mwenyewe wiki nzima alikwenda wodini kwa basi ili gari lisichoke, na kila jioni alilifunika boneti kwa blanketi la buluu alilolikuta sandukuni, baridi isije ikaliua.

— Hiyo inamisi, alisema Kiwanda bila kuinua macho kwenye kikombe. Silinda tatu zinalima, moja imekaa kivulini.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Lameki.

— Haba gani tena, we Lameki?

— Si plagi ziko nne?

Tarsis akazima gari, akasogea karibu.

— Duka la spea wana za kawaida na za iridiamu. Nichukue ipi, kaka Kiwanda?

— Iridiamu inadumu, lakini feki zimejaa. Tena angalia namba. Kuna plagi ya moto na plagi ya baridi.

— Haa! Liganga akaruka. Hapo sasa! Huku watu tunalala na soksi, halafu mtu anaweka plagi ya baridi? Weka ya moto, mwanangu. Za baridi wapelekee wa Manda, kule ziwani kuna joto.

— Kwani huo moto ni wa hewa ya nje, au wa humo ndani? Tarsis akauliza. Alitaka kujua kweli.

Kiwanda akapuliza kahawa yake, ambayo ilikuwa imeshapoa.

— Moto ni moto, bwana. Sikiliza. Plagi ni ulimi wa injini. Ukiutoa ukaukuta una masizi, inakula mafuta mno. Umelowa oili, ringi zimechoka. Mweupe, inachemka. Wa kahawia, mzima huyo.

Tarsis alifurahi kama aliyefunguliwa dirisha. Kumbe injini ina ulimi!

— Basi tuutoe tuuone.

— Taratibu, nimalize kikombe.

Kikombe hakikwisha. Benchi lile lina sheria yake, haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua: anayegusa injini ndiye aliyeiharibu. Na Tarsis, mgeni wa kumiliki gari, hakujua boneti hufunguliwa kwa wapi, akaona haya kuuliza.

— Hii gari ilishafika Ludewa? Liganga akauliza kwa sauti ya daktari.

— Mara moja. Kwenye msiba.

— Tayari! Umepita karibu na mlima wetu. Chuma cha pale ni sumaku, kimevuta umeme wa plagi yako. Ile silinda haijagoma, imebaki Liganga.

— Aisee, acha fiksi, Alfonsi akasema, akitikisa birika kusikia kama bado lina kitu.

— Fiksi? Mbona lori za kwetu zote zinamisi?

— Mwenda pole hajikwai, Lameki akawaamua.

Hapo akatokea Mama Tabea, mama mzazi wa Bertila, ameshika chupa ya uji na kikapu. Tarsis akasimama wima, macho chini.

— Kamwene, mama.

— Kamwene, mkwe wangu. Bado hatuondoki?

— Gari inaumwa, mama. Tunatafuta ugonjwa.

Mama Tabea akawatazama wote, kisha akalitazama gari.

— Mmeshaifungua hapo mbele mkaangalia?

Benchi zima likainamia vikombe.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Lameki akasema polepole, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile methali yake ilikaa mahali pake.

Kiwanda akainuka kwa aibu, akavuta kishikio chini ya usukani, akainua boneti. Pembeni ya betri kulikuwa na kiota, na ndani yake vitoto vya panya, vyekundu, macho bado yamefumba. Waya wa koili moja, inayoipa plagi umeme, ulikuwa umetafunwa ukabaki uzi. Joto la boneti lililofunikwa usiku lilimfaa mama yao kuliko lilivyoifaa injini. Hakuna aliyecheka. Tarsis akakibeba kiota kwa viganja viwili, akakiweka kwenye majani makavu karibu na jiko la Alfonsi. Kiwanda akaunga waya, akauviringishia tepu. Gari likawashwa, likanguruma sawasawa, plagi zilezile.

Mama Tabea akaingia kiti cha nyuma, akapekua kikapu, akapekua tena.

— Mkwe wangu, lile blanketi la buluu nililomnunulia mjukuu wangu, nikamwambia Bertila aliweke sandukuni, liko wapi?

Kiwanda akamwangalia Liganga. Liganga akamwangalia Lameki, na Lameki, jamani, akakosa methali. Wote wakageukia kile kiota, kilichofumwa kwa nyuzi za buluu.

— Kahawa imekwisha, Alfonsi akasema.

Tarsis akavua koti lake, akalikung'uta vumbi, akampa mama mkwe alishike kwa ajili ya mtoto. Akakaa kwenye usukani na shati tupu, akaanza safari ya Njombe.