Mama Matone na Petroli Iliyokuwa na Salfa

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Mkuu wa Maabara wa kiwanda chetu atavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa za utumishi. Hizo siku tisa kazihesabu mwenyewe. Tangazo lilipobandikwa kantini, watu walisimama mbele yake na sahani mikononi mpaka chakula kikapoa. Fundi mmoja wa mabomba alipayuka, "Haiwezekani! Kwani huyu mama ana miaka mingapi?" Ana sitini. Wengi wetu tulikuwa tumempa hamsini, na ya kustaafu hatukuwahi kuyawaza.

Tunamwita Mama Matone kwa sababu hupima kila kitu tone kwa tone. Wanawe wanasema hata dawa ya kikohozi aliwapa hivyo hivyo, jicho moja kalifumba. Alianza kazi kama muosha chupa, enzi hizo hapa pakiwa bohari ya mafuta tu. Akasoma huku ananyonyesha kifungua mimba wake, akawa msaidizi wa maabara, kisha fundi sanifu, kisha mkuu. Mhandisi aliyewahi kunywea chai kwenye kopo la maabara hajasahau: Mama Matone alilichukua kopo, akaipima chai, akamrudishia na cheti chenye mhuri. "Sukari imezidi. Haifai kwa injini wala kwa binadamu."

Miaka kumi na mmoja iliyopita tuliambiwa kwamba sasa tutatengeneza petroli kwa umeme wa upepo. Tulicheka. Yeye hakucheka. Aliomba maelezo, akayasoma, kisha akatufafanulia akiwa ameshika glasi ya maji: umeme unayapasua maji, tunapata haidrojeni, haidrojeni inaunganishwa na hewa ukaa inayonaswa kutoka angani, kinachotoka hapo kinapikwa mpaka kiwe petroli ya gari la kawaida, bila kubadilisha hata nati moja. Kantini nzima ilikodoa macho kuitazama ile glasi.

Meneja wa mradi alikuwa kaka mkubwa wa mumewe. Ndiye aliyemtafutia ile kazi ya kuosha chupa, na hilo Mama Matone hakulificha wala hakulisahau. Miaka sita iliyopita Meneja aliandaa siku ya kuwaonyesha wageni wazito gari likitembea kwa petroli yetu. Shida ni kwamba mtambo ulikuwa ukizalisha vikombe viwili vitatu kwa siku, kisha unagoma. Hata hivyo, siku tatu kabla ya wageni, Meneja alitutangazia kuwa lita arobaini ziko tayari kwenye tangi. Tulipiga makofi hadi viganja vikauma.

Mama Matone alichukua sampuli kama kawaida yake. Akakuta salfa.

Salfa hutoka kwenye mafuta yanayochimbwa ardhini. Maji safi na hewa iliyochujwa haviwezi kuizaa. Alirudia kipimo mara tatu. Msaidizi wake anasimulia kwamba baada ya mara ya tatu alikaa kwenye stuli, mikono mapajani, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Halafu akainuka, akaenda ofisini kwa Meneja. Katibu muhtasi alisikia yote, maana mlango ulikuwa wazi.

"Shemeji, hii petroli si yetu."

"Tia sahihi cheti cha maabara, shemeji. Wageni wakiondoka tutarekebisha kila kitu."

"Siku hiyo nitasoma kipimo kilichoonyesha."

"Ukisoma hicho, watu hamsini na wawili wanarudi nyumbani. Mimi wa kwanza."

Alitoka, akaufunga mlango taratibu, na Meneja akadhani yamekwisha.

Siku ilipofika, turubai lilifungwa, viti vikapangwa, gari jeupe likang'arishwa. Mama Matone aliitwa kusoma matokeo ya maabara. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Sampuli ya tangi namba mbili ina salfa. Petroli hii haikutengenezwa hapa."

Nilikuwepo. Dereva aliyekwisha kaa kwenye usukani aliuachia ufunguo kana kwamba umemuunguza. Mgeni mmoja alimgeukia mwenzake na kumuuliza kama wamesikia sawasawa. Meneja aliinuka. Akakaa tena.

Kiwanda kilifungwa miezi minane. Mama Matone alibakizwa pamoja na walinzi wawili kutunza vifaa. Sisi wengine tulirudi nyumbani, na tulimchukia. Tukikutana naye njiani tulivuka barabara. Ukweni, akiingia sebuleni, mazungumzo yalikatika. Mumewe aliishi katikati ya ndugu yake na mkewe, akipima kila neno kabla ya kulitamka.

Kamati ya uchunguzi ilipomuuliza ni nani aliyemimina petroli ile kwenye tangi, alisema, "Mimi napima mafuta. Watu sikuajiriwa kuwapima."

Aliyemimina ni mimi, mtunza stoo. Meneja aliniagiza, nami nikabeba madumu mawili ya lita ishirini nikayamimina, nikasaini daftari la tangi kama vile hakuna lililotokea. Mhariri wa jarida hili la kiwanda alinipigia simu mara mbili kuuliza kama kweli nataka aya hii ichapwe. Ichapwe. Nilimpelekea Mama Matone ukurasa huu aupitie, nikidhani atakata maneno haya. Alichokisahihisha ni hesabu tu: "Zilikuwa lita thelathini na nane. Mbili ulizimwaga chini." Kumbe siku zote alijua hata nilichokimwaga.

Na alijua tangu siku ile. Mwezi wa tatu tangu kiwanda kifungwe alikuja nyumbani kwangu, akakataa kiti. "Asubuhi ile ulipita maabara mikono inanuka petroli ya kituoni," aliniambia. "Sasa njoo unisaidie kubeba madaftari." Nilimfuata.

Tulipanga madaftari yake ya sampuli sakafuni, na pembeni yake kumbukumbu za upepo. Siku baada ya siku, mstari kwa mstari, jambo likajitokeza. Kila upepo ulipotulia, umeme ulikatika, mtambo ukapoa, na majimaji yakailowesha ile dawa inayoziunganisha gesi. Ikilowa, haifanyi kazi. Wahandisi walikuwa wamefungua pampu kwa miaka miwili wakitafuta ubovu. Jibu lilikuwa limelala kabatini mwake. Wao walipooneshwa walishika vichwa. Matangi ya kuhifadhia haidrojeni yakawekwa, ili mtambo usizimike upepo ukilegea, na kati ya wale hamsini na wawili, arobaini na saba walirudi kazini. Meneja hakuwemo.

Petroli ya kwanza ya kweli ilitoka nyeupe kama maji ya chupa. Salfa: hakuna. Siku ya kuitia kwenye gari, Mama Matone alimwalika shemeji yake, ambaye hakuwa ameongea naye kwa karibu miaka miwili. Alimpa cheti akisome. Shemeji alikisoma mpaka mwisho.

"Nisamehe, shemeji."

"Panda gari," alimwambia, akamfungulia mlango wa mbele, yeye akakaa nyuma. Walikwenda kilomita kumi na moja, wakarudi wanabishana kuhusu njia fupi. Leo magari yote tisa ya kiwanda yanatumia petroli hiyo.

Mama Matone, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kutupima bila kutudhalilisha. Tunakuombea afya njema, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu wanaokubali kunywa dawa. Nami nina deni langu. Tangu turudi kazini nimekusalimia kila siku, na neno moja halijawahi kunitoka. Nalitoa hapa, mbele ya wote: nisamehe, mama.