Aliyenitaja Nikiwa Sipo

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wenzangu poleni na matope ya njiani. Mmeniomba niseme nilivyoupata ukunga. Nitasema, ila nivumilieni, maana kuna mahali bado panauma.

Nilikuja huku kutoka Songea, nikawa mhudumu wa zahanati pale Gehandu, sina ndugu hata mmoja. Nikajisemea, mgeni asiyejulikana na wakubwa atazeekea kwenye ufagio. Basi kila nikipata ruhusa nilikwenda wilayani na mayai kwenye kapu, nasalimia ofisi hadi ofisi. Nilijiona nina watu. Mnacheka, mama zangu? Chekeni tu.

Watu walipohamia kijiji kipya cha ujamaa, zahanati ikafungwa na kazi yangu ikaisha. Nikaenda kwa mkubwa aliyekula mayai yangu kuliko wote. Akaniuliza mimi ni nani. Ndugu zangu, nawaambia, nilirudi njia nzima nikilia.

Aliyenipokea ni mwalimu mmoja wa Nangwa, mama ambaye zamani nilikuwa nampita tu kanisani. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akikaa na bwana shamba na mkunga mmoja mzee, wakipukuchua mahindi na kuulizana nani anataka kujifunza nini, na nafasi gani imesikika. Nami nikaingia, tukawa wanne. Mkunga akaanza kwenda nami anapoitwa kuzalisha, aone mikono yangu. Siku moja nililalamika kwamba kati yetu hakuna mkubwa hata mmoja. Mwalimu akasema polepole, “Dada, wakubwa utawasalimia mwenyewe. Mimi nauliza, nani atakutaja ukiwa hupo?”

Masika ile bwana shamba aliona tangazo la kozi ya ukunga wilayani. Mkunga akanisemea kwa daktari wa wilaya. Mwalimu akatembea kwenye mvua kutoka Nangwa hadi Gehandu, nilikokuwa bado naishi, kuniambia, kwa sababu kuandikisha majina kulikuwa kunafungwa kesho yake. Alifika amelowa, anakohoa. Kesho yake nikaandikishwa.

Hapa ndipo panapouma. Nikiwa chuoni niliandika barua tatu, zote kwa wakubwa, kuomba kituo kizuri. Mwalimu nilisema nitamwandikia nikimaliza, nimpe habari kamili. Kikohozi hakikumwacha. Niliporudi na cheti changu nilionyeshwa kaburi, nyasi zimeshaota. Nilikaa pale na cheti mkononi, nikajichukia. Mkunga anasema haikuwa mvua ile. Bado sijamwamini.

Zile barua tatu hazikujibiwa. Kituo nilichonacho nilikipata kwa sababu mkunga, alipochoka, alimwambia daktari nishike nafasi yake.

Namshukuru Mungu, na ninyi wawili mliokaa pale nyuma, bwana shamba na bibi yangu mkunga, ahsanteni. Kwenu wengine nina neno moja. Msihangaike na watu wengi. Watatu wanatosha, wanaoijua kazi yako nawe unaijua ya kwao. Na waandikieni wangali hai.

Mwalimu aliacha binti. Juzi nimesikia nafasi ya uuguzi, nikalitaja jina lake. Mvua ilikuwa inanyesha, nikaenda Nangwa kwa miguu kumwambia.