Vijungu Visivyovunjika

"Kikombe kimoja tu, Mama! Kikombe kimoja cha saruji kwa karai zima la samadi, na wewe unanipigia kelele kama nimetia sumu."

"Ungetia sumu ingekuwa afadhali! Sumu watu wanaiogopa. Saruji yako wameipanda kwa mikono yao, wakaimwagilia maji, wakanishukuru!"

Mama alikuwa ameegemezwa mito kitandani, amebaki mifupa na macho. Mwanawe wa kwanza alisimama miguuni pa kitanda na nguo zake za kazi zenye madoa ya chokaa. Watu walimwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa kuta, kwa kuwa alikuwa fundi mwashi, na hakuweza kupita penye ukuta uliopinda bila kusema neno. Kati yao, juu ya kigoda, ulikaa mche wa mpapai. Mwuza mikate wa mtaa wa nyuma alikuwa ameung'oa bustanini kwake na kuuleta asubuhi ile, majani yamekuwa manjano. Mche ulikuwa ardhini tangu mvua zilipoanza, lakini kijungu chake kilikuwa kizima, kana kwamba kimetoka kuanikwa jana.

Maisha yake yote Mama aliotesha miche kwenye vijungu alivyofinyanga mwenyewe kwa samadi ya ng'ombe, udongo wa mfinyanzi na nyasi zilizokatwakatwa, akavikausha kivulini kwenye kibaraza. Mnunuzi aliuzika mche pamoja na kijungu chake. Kijungu kililainika, kikaoza, kikawa mbolea, na mizizi ikapita bila kuguswa. Mpapai hautaki kushikwashikwa mizizi. Msimu huu Mama alipolala kitandani, Timazi ndiye aliyefinyanga.

"Vilikuwa vinavunjika kwenye mkokoteni," Timazi alisema. "Kila safari tunafika na vipande. Ulikuwa unalia, Mama. Nilikuona kwa macho yangu."

"Basi toa hiyo nyundo kiunoni, uvunje hicho hapo. Nataka nione."

"Mama, punguza sauti," alisema binti wa kati, mshonaji, aliyekuwa akimpepea.

"Sauti hii nimeitunza siku nyingi niitumie leo. Vunja!"

Timazi akapiga. Nyundo ikaruka. Akapiga tena kwa nguvu, na kijungu kikapasuka kama kigae. Ndani, mizizi ilikuwa imejizungusha na kusokotana, tabaka juu ya tabaka, imefuata ukuta ikitafuta mahali pa kutokea na kukosa. Chini kabisa ilikuwa imeanza kuwa myeusi. Timazi aliiweka nyundo chini. Katika kazi yake hakuna mtu aliyewahi kumlaumu kwa sababu kitu kimekataa kuvunjika.

"Kaeni chini, wote watatu," Mama akasema. "Kitindamimba, acha kunikanda miguu, njoo hapa niuone uso wako. Mmekuja kusikia nani atapata nini, nami nitawaambia, lakini nitawaambia kwa hasira, maana hasira ndiyo peke yake iliyobaki na nguvu katika mwili huu. Nyumba ni yenu nyote, na asije mtu na kamba ya kupimia vyumba kabla udongo wa kaburi langu haujakauka. Cherehani ni ya dada yenu, ameshaitia jasho lake, asiulizwe. Kitalu ni cha kitindamimba. Nasema kitalu chote, na kibaraza cha kuanikia, na lile karai lililoliwa na kutu. Timazi, usinitazame hivyo. Mpaka alfajiri ya leo kilikuwa chako.

"Sikilizeni, wanangu. Huyu jirani yetu anayeotesha kwenye mifuko ya nailoni amenicheka tangu mnanyonya. Mama Samadi, ndivyo alivyonibatiza, na mtaa mzima ukaitikia, hata nyinyi shuleni mkawa mnanuswa nguo. Sijamsamehe, na nikishafumba macho msiende kumwambia nimemsamehe. Akija kulia hapa mpeni kiti, basi. Lakini mfuko wake mtu anauchana kabla ya kupanda! Mimi ndiye niliyewakataza watu. Mimi ndiye niliyesimama langoni nikimwambia kila mmoja, usikipasue, usikiguse, zika hivyo hivyo, ardhi itamaliza kazi. Wakanisikia! Mwuza mikate amepanda kando ya ukuta wake wote. Kinyozi amepanda nyuma ya kibanda chake. Yule muuguzi mstaafu, mgonjwa wa mgongo, alikataa kusaidiwa, akapiga magoti na kuzika kimoja kimoja kama anayelaza watoto. Wote walifanya nilivyosema, na sasa miche yao inanyongwa chini ya ardhi kwa neno langu. Nani alikutuma uwe mwerevu kwa jina langu? Ungeniuliza! Nilikuwa kitandani, sikuwa kaburini. Kijungu kazi yake ni kuvunjika. Nililia kwa ajili ya barabara mbovu, mwanangu, sikulilia ukuta. Ningetaka kitu kigumu si ningepanda ndani ya tofali?"

Kitindamimba alicheka bila kutaka, akajiziba mdomo. Mama naye alitaka kucheka, kikohozi kikamshika. Mshonaji alimwinua kichwa na kumnywesha maji, mengi yakamwagika shingoni. Aliporudi kusema, sauti ilikuwa imeshuka, na Timazi ilimbidi asogee karibu.

"Mvua zimebaki kidogo. Nenda kwa kila mmoja wao. Usimtume mtu, wala usijifiche nyuma ya ugonjwa wangu. Mwambie kwa mdomo wako, nimekosea mimi, si mama. Kisha chimba mbali na shina. Inua kijungu kwa mikono miwili. Kipasue pande zote, utoe vigae vyote, na mizizi usiivute, hata ikikukera. Urudishe mche, umwagilie, uutilie kivuli. Ule utakaokufa, mpelekee mwenye nao mwingine. Na kitindamimba... samadi ya zamani. Mbichi inaunguza. Ukuta uwe mwembamba, uwe kama... kama..." Alivuta pumzi, neno halikuja. Akakunja vidole hewani kana kwamba anafinyanga, ukingo ukiwa laini baina ya kidole gumba na cha shahada, na kitindamimba akaitikia kwa kichwa kwamba ameona.

Ndipo akanyoosha mkono na kuuweka juu ya kichwa cha mshonaji, kisha cha kitindamimba. "Mungu awape mikono isiyochoka," akasema. "Awape na watu... wa kuwaamini. Na mkiaminiwa... msiwaangushe."

Timazi naye aliinamisha kichwa chake chenye vumbi la chokaa. Akangoja. Mkono haukuja.

"Yako utaikuta ukirudi," Mama akasema.

"Mama!" Mshonaji aliruka. "Mpe sasa hivi. Kwani hujioni ulivyo?"

"Najiona. Nikimpa sasa... ataketi hapa alie. Namjua huyu. Nimemzaa mimi."

Timazi akainuka, akachomeka nyundo kiunoni, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani na ndoo ya kubebea maji. Nyuma yake alisikia pumzi za Mama zikikwaruza, moja, halafu kimya, halafu nyingine. Alijua bustani zilivyotawanyika. Alijua pia kwamba kazi ya namna ile haiharakishwi.

Alipofika mlangoni aligeuka.

"Usinisubiri, Mama," akasema. "Ukichoka, lala. Mimi nitavivunja vyote."