Koti la Kahawia Kwenye Siti ya Pembeni

Benchi letu limeegemea ukuta wa kituo cha mafuta, kando ya barabara ya kwenda mji wa Kajaani, kati ya magunia ya kuni za kuuza na mlango wa mkahawa. Kikombe cha kwanza cha kahawa unalipia, cha pili ni bure, na hicho cha bure ndicho kinachotuweka pale mpaka mchana. Ilikuwa mwezi wa saba, manyunyu, na mbu hawakujali. Nisifiche, nilikuwa nimechoka. Sote tumechoka, maana kila mtu hapa ana kijumba chake ziwani, na kila kiangazi paa linavuja na kila kiangazi tunalipanda. Tulikuwa wanne: mimi, Shoka, ambaye huenda na shoka lake hata dukani, Redio, anayejua hali ya hewa ya kila mji ambao hajawahi kufika, na Oiva, aliyekuja na jambo la mkewe.

— Hilkka anataka tuzunguke nchi, akasema Oiva. Helsinki, Turku, Tampere, halafu Lapland, kule kaskazini kabisa. Kwa basi.

— Lini? akauliza Shoka.

— Alisema Alhamisi.

— Leo ndiyo Alhamisi, mzee.

— Najua. Nilimjibu "tutaona". Sasa nangoja aniulize tena.

Kwetu neno husemwa mara moja. Ukilirudia unaonekana unaomba, na Hilkka si mtu wa kuomba. Tangu waoane, miaka arobaini sasa, kila likizo wamekwenda ziwani: kuni, kupaka mtumbwi lami, kuoga mvuke saunani, paa. Safari ilikuwa ya mwaka ujao, paa likishapona. Lile paa halikupona.

— Haraka haraka haina baraka, akasema Shoka. Miaka arobaini si kitu. Halafu Helsinki kuna nini? Watu wa kule wanatembea mbio kwa sababu ukisimama tu, mtu anajenga mahali uliposimama.

— Helsinki leo mawingu, akasema Redio. Mie ningeanza Turku. Ila Turku ina mto katikati, na wa ng'ambo hii hawakubali kwamba ng'ambo ile ipo. Ukimpoteza mkeo kule, hakuna atakayekwambia kavukia wapi.

— Hilkka hapotei, akasema Oiva.

— Basi Tampere, nikasema mimi, ili na mimi niwe nimesema. Mtakula ile soseji nyeusi ya damu.

— Wee, soseji ile ukila mbili hutoki tena, akadakia Shoka. Ndiyo maana mji ule umejaa. Wote walikuja kutembea.

— Na Lapland je? akauliza Oiva. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Redio akaweka kikombe chini.

— Lapland kiangazi jua halizami. Hoteli inakutoza usiku mmoja, na usiku wenyewe haupo. Ukidai, hawana jibu. Halafu mkeo hatalala, na asiyelala huongea. Utasikia mambo ya tangu harusi. Kaa hapa, ndugu yangu. Mvumilivu hula mbivu.

Oiva akatazama mabuti yake ya mpira, yana nyasi bado.

— Mimi sikatai kwenda, akasema. Nimechoka tu. Nikifikiria paa nachoka, nikifikiria safari nachoka. Angeuliza tena ningesema ndiyo.

Basi la masafa marefu likaingia upande wa pili wa pampu. Dereva akashuka, dada mmoja mgeni kwetu, akachukua kahawa ndani, akatoka kuinywa amesimama karibu na benchi letu.

— Samahanini wazee, akasema. Nina mama mmoja, nimempakia pale kanisani. Ameweka koti la kiume kwenye siti ya pembeni yake, la kahawia, na hataki mtu akae. Siti kailipia, sawa. Nimemwuliza nani anakuja, kasema hajui. Nyie ni wa hapa. Anamngoja nani?

Shoka alikagua makali ya shoka lake. Redio, ambaye hata mawingu ya Helsinki anayajua, akachungulia ndani ya kikombe chake.

— Lile ni koti langu la mazishini, akasema Oiva hatimaye. Sina jingine zuri.

Kisha akauliza:

— Unaondoka saa ngapi?

— Nikimaliza kikombe hiki.

Tukakitazama kile kikombe.

— Ongeza cha pili, dada, ni bure, nikamwambia.

— Birika limekwisha, akasema dereva, akapiga funda la mwisho.

Oiva akasimama. Akatoa ufunguo wa kijumba chake mfukoni, akaniwekea mkononi.

— Linavuja juu ya jiko. Weka ndoo.

— Una mabuti ya mpira, mzee, akasema Redio.

— Naona.

Basi likapita mbele yetu. Hilkka alikuwa dirishani, wala hakutupungia. Oiva alikaa pembeni yake, koti mapajani, akitazama mbele kama mtu anayepelekwa hospitali. Ila mkono wa Hilkka ulikuwa juu ya lile koti.

— Hakuuliza hata wanaanzia wapi, akasema Shoka.

— Hakuuliza, nikasema.

Nikaenda kutafuta ndoo.