Bi Kupe, Fundi wa Maabara Ambaye Hakukosea Chupa

Marehemu dada yangu, ambaye ndugu, jirani na hata mchungaji wa mbuzi wa mtaani walimwita Bi Kupe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkunga. Mama alisema alizaliwa akilia kama mtu aliyekatizwa kazi.

Alianza shule mwaka 1958. Darasa la sita alitolewa nje kwa kumpasua panzi juu ya daftari la mwalimu. Kesho yake aliomba radhi kwa ajili ya daftari, panzi hakumtaja. Baada ya sekondari alisomea ufundi wa maabara kwa miaka mitatu, akafaulu vizuri.

Tarehe 2 Septemba 1974 aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa mifugo. Kazi yake ilikuwa kulisha kupe kwenye masikio ya sungura, kisha kuwapasua na kuchunguza vimeng'enya vinavyosaga damu tumboni mwao. Kupe jike hupanda sikioni akiwa mdogo kama ufuta, na baada ya siku nane hivi anashuka amevimba kama njegere. Mkuu wa maabara, aliyetoka kwenye utafiti wa mbu, aliagiza kila jaribio lifanywe katika maji yenye magadi, kwa kuwa tumbo la mbu ndivyo lilivyo. Miezi sita ilipita, damu haikusagika. Mkuu akataka kuufunga utafiti.

"Mzee, huyu si mbu," marehemu alimwambia. "Anameng'enya ndani ya seli zenyewe, na humo mna uchachu. Tujaribu asidi."

"Bi mdogo, usinifundishe kazi."

Basi tarehe 11 Mei 1978 alijaribu mwenyewe. Aliweka chupa mbili zenye damu na asidi sawasawa, moja ikiwa na utumbo wa kupe, nyingine bila. Kwenye ile yenye utumbo tu, protini ya damu ilisagika. Mkuu alisema amechanganya lebo, akaandika kwenye ripoti: "Kosa la fundi." Utafiti ukafungwa. Maneno hayo matatu yalimuuma marehemu kuliko ugonjwa wowote. Alitaka yafutwe, basi.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na mwogeshaji ng'ombe wa josho, lile dimbwi la dawa ya kuua kupe. Wenzake walipelekewa manukato na wachumba wao. Yeye aliletewa kupe kumi na wanane kwenye kiberiti, wote wazima, akafurahi kupita kiasi. "Mke wangu anawanenepesha, mimi nawaua," shemeji alipenda kusema, "na bado tunakula meza moja." Walijaliwa binti na mwana, na waliishi kwa utani mwingi hadi mwisho.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2018. Akiwa amelazwa, tarehe 20 Mei 2019, aliingia wodini mzee mwenye mkongojo. Alikuwa yule Mkuu wa maabara. Alivuta kiti, akasema: "Nilirudia jaribio lako mwaka ule ule, nikiwa peke yangu. Likatoka kama lako. Niliona aibu."

"Nilijua, Mzee," marehemu alijibu. "Asidi ilikuwa inapungua kabatini, na mimi sikuigusa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekana. Nikaona nikung'ang'anie kimyakimya, kama kupe."

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Kisha Mkuu akatoa barua aliyoiandikia taasisi, akamsomea: "Fundi hakukosea. Niliyekosea ni mimi." Marehemu aliomba asomewe tena, akalia, nasi tuliokuwa kando ya kitanda tukalia naye.

Alifariki tarehe 9 Juni 2019, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 68. Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watano, na mimi mdogo wake ninayesoma hapa. Jana taasisi ilituletea nakala ya ripoti ile. Maneno yale matatu yamekatwa kwa mstari, na pembeni, mahali pa mgunduzi, limeandikwa jina lake kamili.

Dada, pumzika kwa amani. Umesadikiwa.