Tundu la Goti

Alfajiri ilikuwa bado, kifuniko cha birika kikagongagonga kuniambia chai imechemka. Nikanywa upesi, nikawahi basi la kwanza niende kumwona mjukuu.

Mbele yangu aliketi mzee mwenye magongo, amepakata mguu wa bandia kama mtoto. "Naurudisha karakana," alimwambia binti aliyeketi kando yake. "Goti linapinda upande. Nilitaka nisimame kaburini kwa mke wangu bila kushikwa, huu ukanibwaga njiani."

Binti aliliinamia lile goti. "Nisamehe, baba. Nafanya kazi hapo karakana; niliuchora mimi, kwenye kompyuta. Tundu la goti, linamopita pini ya kupindia, sikulifungia kwenye mstari wa katikati wa mchoro. Niliporefusha mguu, mistari ikasogea, tundu likabaki nyuma."

"Kumbe mlinipa mbuzi asiye na kamba! Na kompyuta haikukuonya?"

"Inajua vipimo, baba, haijui nia. Juzi nililiona kosa, nikalifungia mstarini, na mguu mpya uko tayari karakana. Nikivuta mstari wowote, linafuata."

"Mimi nimeshazoea magongo yangu. Hayahami."

Hapo gongo moja likateleza hadi chini ya kiti changu. Nikalirudisha.

"Lakini hayo hayakusimamishi kaburini mikono mitupu," binti alisema taratibu.

 Niliona binti alikwisha kuusogeza mkoba wake uwe mto wa mguu wa mzee uliokatwa, wala hakuutaja. Basi likasimama karibu na karakana. Binti akaubeba ule wa bandia, akampa mzee bega.

"Leo uujaribu tu ule mpya. Halafu ukishatoka kaburini kwa mama, uje tena, baba, unisimulie."